Majivu kwenye mtambo wa biogesi: weka kopo, siyo ndoo

Jana usiku nimepata ujumbe wa msomaji kutoka Bagamoyo: "Kaka, nasikia majivu ya kiwandani yanaongeza gesi. Nina mabua ya mahindi tele, niweke ndoo ngapi?" Hilo neno "ndoo" limeninyima usingizi. Mtambo wangu wa kwanza niliuua kwa ndoo.

Mimi niko Korogwe, na huku kwetu uchafu wa bure ni wa mkonge. Jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kutenganisha singa, singa hazifiki hata kilo 5 katika kila kilo 100. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani, zinamwagwa. Pale Hale palijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki hayo hayo, nami nikapata moto wa kujaribu. Nikajenga mtungi, nikaanza na kinyesi cha ng'ombe, gesi ikawaka. Kisha tamaa ikaniingia, nikawa naujaza mkonge mtupu.

Wiki ya tatu jiko likagoma. Nawasha njiti, inazimika pale pale kwenye jiko. Nilipofunua mdomo wa mtungi nikapigwa na harufu ya togwa lililopitiliza. Mke wangu akarudi kwenye mkaa bila kusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko hasara.

Kumbe mle ndani kuna vijidudu wanaovunja mabaki kuwa asidi, na wengine wanaoigeuza kuwa methani, ile gesi inayowaka. Hawa wa pili wanataka pH, yaani kipimo cha uchachu, ya karibu 7; ikishuka, uchachu umezidi. Ukiwashibisha wa kwanza kupita kiasi, wa pili wanazidiwa. Majivu ya kuni au ya mabaki ya miwa yanakata ule uchachu, tena yana madini kama chuma, ambayo vijidudu wa methani wanayahitaji kidogo sana.

Nikaenda kiwanda kimoja kinachochoma mabaki ya miwa kupata umeme wake, nikapewa magunia mawili bure. Nikamimina ndoo tatu kwa mpigo. pH ikaruka, gesi ikakata kabisa, chini kukaganda tope zito kama saruji. Fundi aliyenijengea akazunguka mtaani akisema nimetupa hela chooni. Maneno hayo bado ninayo kifuani.

Nilizoa tope lile kwa mikono yangu, nikaanza upya. Sasa mabaki nayakatakata na kuyaloweka usiku kucha kwenye maji ya majivu, kama mama alivyokuwa akilainisha maharage kwa magadi. Asubuhi nachanganya na kinyesi, napima pH kwa karatasi. Maharage yetu yanaiva kwa moto wa buluu, na fundi yule ameyala.

Ndugu yangu wa Bagamoyo, uliza kwanza majivu yametoka wapi. Ya makaa ya mawe usiyatie kwenye mtambo wa nyumbani: yana sumu kama arseniki, risasi na zebaki, na tope lako litaishia kwenye mchicha wanaokula wanao. Pia usiache kuchanganya kinyesi. Mabua yana nitrojeni kidogo, nayo vijidudu wanaihitaji, na majivu hayawezi kuifidia kwa sababu nitrojeni imeondoka na moshi. Usiige kiasi cha mtu, hata changu. Pima mwenyewe, kila siku, hata ukichoka.

Anza na kopo la nusu lita kwa pipa la lita 200 la kulowekea. Asubuhi nipigie picha ya karatasi yako ya pH, unitumie kabla hujaongeza chochote.