Trekta kuukuu la bustani: pima kabla hujanunua kipuri

Trekta dogo la bustani likishazeeka, siku linapogoma kuwaka ndipo fedha huanza kupotea bure. Plagi mpya, betri mpya, hata kabureta mpya, na bado linagoma. Mimi la kwangu nimelitunza muda mrefu, na ninaloliamini ni hili: injini ya zamani ya petroli haina mafumbo. Inataka mafuta, hewa, cheche na mgandamizo wa hewa hiyo ndani ya silinda. Tafuta kwanza kipi kimekosekana, ndipo uende kununua.

Mara nyingi mkosaji ni umeme. Ukizungusha ufunguo ukasikia "tik" moja halafu kimya, usikimbilie kulaumu stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Shika mita ya kupima volti. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kisha mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama. Namba ikiporomoka chini ya 9.6, betri imeishiwa chaji au imechoka. Ikibaki juu na stata haizunguki, mara nyingi umeme unapotelea njiani, ama kwenye nyaya na viungo vyake, ama kwenye solenoidi, yaani swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata.

Hapo ndipo nilipolikuta tatizo la trekta langu. Bolti inayofunga waya wa hasi kwenye chesi, yaani fremu ya trekta, ilikuwa imekaza vizuri, na kwa nje ungeapa ni nzima. Niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha chesi, stata ikapigwa, mita ikaonyesha karibu volti 2. Kwenye waya mzima hutarajii hata nusu volti. Nilipofungua, chini ya kichwa cha waya palikuwa na kutu ya kahawia iliyojificha kati ya shaba na rangi ya chesi. Nilisugua pande zote mbili kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu kuzuia unyevu. Stata ikazunguka kwa nguvu na betri ile ile.

Ufunguo usipotoa hata sauti, kagua fyuzi, kisha swichi za usalama: ya kiti, ya pedali ya breki au klachi, na ya visu vya kukatia nyasi. Huingia uchafu au viunganishi vyake vya waya vikalegea. Zisafishe au uzibadilishe, lakini usiziunganishe kwa kipande cha waya ili zipitwe. Swichi ya kiti ndiyo inayozima injini ukiteleza kutoka kitini visu vikiwa vinazunguka, na sioni haraka yoyote inayostahili kuhatarisha mguu wa mtu.

Stata ikizunguka vizuri bila injini kuwaka, chomoa plagi ya cheche uisome. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika; tafuta cheche. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Nyeusi ya masizi makavu huashiria petroli kuzidi hewa, na mara nyingi chujio la hewa limeziba. Petroli iliyokaa miezi kadhaa huchacha na kuacha gundi kwenye kabureta. Fungua bakuli la chini, toa mashapo, safisha jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, kwa dawa ya kabureta na upepo. Usichokonoe tundu la jeti kwa waya mgumu: likipanuka hata kidogo, mchanganyiko wa petroli na hewa haukai sawa tena.

Kuna ugonjwa mmoja unaosumbua wengi: injini inafanya kazi vizuri, halafu inakufa polepole kana kwamba mafuta yameisha. Ikitokea, legeza kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio na injini ikawaka tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Lioshe, basi. Ikiwa inazimika ikishapata moto, cheche inapotea, na inarudi ikipoa, hapo nashuku koili, inayotengeneza umeme wa cheche.

Oili ikague kila unapotaka kuwasha. Kiwango kikipanda badala ya kushuka na kijiti kikanuka petroli, usiwashe hata kidogo. Sindano ya floti, inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, haizibi, petroli inapenya hadi kwenye oili, na oili iliyochujuka hailindi vyuma. Rekebisha kabureta kwanza, kisha mwaga oili yote. Kwa kawaida mimi hubadilisha kila saa 50 za kazi hivi.

Injini inayopozwa kwa hewa hufa kwa joto bila kelele. Fungua bati linalofunika silinda utoe nyasi kavu, na wakati mwingine viota vya panya, vilivyojaa kati ya mapezi ya chuma yanayopoza silinda.

Kabla ya kugusa visu, chomoa waya wa plagi. Ukishanoa, tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la kati. Upande unaoshuka ndio mzito, punguza chuma kwa tupa mpaka kikae mlalo. Kisu kisichosawazika hutikisa trekta zima na kula beringi za chini zinazoshika visu, na hizo kuzitoa kwenye mashine kuukuu huchukua siku nzima.