Dawa ya chunusi ya kupaka usiku, kwa sisi tunaoshinda juani Mwanza

Retinoidi, hii dawa ya chunusi ya kupaka usiku, haikaushi chunusi iliyokutoka jana. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza nimepaka nini usoni wana harusi Jumamosi. Kwa harusi ya Jumamosi sina dawa. Nilicho nacho ni tyubu ndogo ya adapaleni, mojawapo ya retinoidi, jeli ya asilimia 0.1, na matunda yake huanza kuonekana vizuri kati ya wiki ya 8 na ya 12. Kabla ya hapo uso unaweza hata kuchafuka zaidi, hasa wiki za mwanzo. Kama huna subira hiyo, hifadhi hela yako.

Chunusi unayoiona leo ilianza kutengenezwa zamani, chini kwa chini. Seli za ngozi zilizokufa hunatana na mafuta na kuziba tundu la kinyweleo. Bakteria wanaoishi humo hupata nafasi ya kuzaliana, mwili unapambana nao, ndipo unapoona uvimbe na usaha. Retinoidi ni ndugu wa vitamini A, na kazi yake kubwa ni kuzifanya seli zile zitoke bila kunatana, tundu libaki wazi. Ndiyo maana hupakwa eneo zima linalotoka chunusi, hata pale ambapo leo ni pasafi. Ukiidonoa juu ya chunusi moja moja kama watu wanavyofanya na dawa ya meno, umechelewa.

Wala si dawa ya juzi. Madaktari Albert Kligman na James Fulton walikuwa miongoni mwa walioandika kuhusu retinoidi nyingine, tretinoini ya kupaka, kwa chunusi mwaka 1969, na Marekani ikairuhusu mwaka 1971. Adapaleni ilifuata huko mwaka 1996, na tangu 2016 ile ya asilimia 0.1 wanaiuza bila cheti cha daktari. Kwa anayeanza mimi napendekeza adapaleni kabla ya tretinoini, kwa kuwa haibabui ngozi sana na haiharibiwi na mwanga kirahisi. Nenda famasi yenye mfamasia, mweleze uso wako, soma jina la dawa yenyewe kwenye boksi na siyo jina la biashara tu, na angalia tarehe ya kuisha muda. Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, kwa hiyo usione aibu kuuliza mawili matatu kabla ya kutoa hela.

Sasa kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, chunusi yenyewe ni nusu ya tatizo. Inapona, inaacha doa, na doa linakaa miezi. Na hapa ndipo watu wengi wanapotea: doa halisababishwi na chunusi peke yake. Ngozi ikiungua, ikikwanguliwa, ikikaushwa na dawa kupita kiasi, nayo huacha weusi. Kwa hiyo mtu anayepaka dawa nyingi kila usiku ili apone haraka anaweza kumaliza chunusi akabaki na mabaka yatakayokaa kuliko chunusi zenyewe.

Mfamasia aliyenihudumia alinielewesha kwa sentensi chache. "Dada, leo paka, kesho na keshokutwa pumzika. Ngozi ikizoea, ongeza siku." Nilifuata hivyo hivyo, na mpaka leo sioni sababu ya mtu kuanza kwa kasi zaidi.

Usiku nikitoka kuoga naosha uso kwa sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya mche ni ya nguo, na dodoki nimeliachia miguu. Nakausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, halafu nasubiri kama dakika 20, maana dawa ikikuta ngozi mbichi inawasha zaidi. Muda huo nashusha chandarua, napiga pasi nguo ya kesho, siku inaisha. Kisha napaka Vaseline kidogo sana pembeni mwa pua na kwenye kona za mdomo. Hizo kona ndizo hubabuka kwanza, na ukipiga mwayo asubuhi utajua nasema nini. Dawa yenyewe ni kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Naigawa kwa kidole: paji la uso, shavu hili, shavu hili, kidevu, kidogo puani, halafu naisambaza taratibu. Karibu na macho sifiki, midomo siigusi. Mwisho losheni nyepesi isiyo na harufu juu yake. Ambaye ngozi yake ni kavu aanze na losheni, apake dawa, amalize na losheni tena, haipunguzi kitu cha kumkosesha usingizi.

Ikiwaka kwa dakika chache na kupoa, kawaida. Ikiwa unaungua mpaka asubuhi, uso umekuwa mwekundu au umevimba, acha kwa siku kadhaa, paka losheni tu, kisha rudi kwa kuruka siku nyingi zaidi. Isipotulia, mwone daktari.

Ngozi ilianza kunibabuka kidevuni na kuzunguka mdomo, vigamba vidogo vyeupe ambavyo poda haivifichi, inavionyesha tu. Mimi kazi yangu ni kuhesabu na kuandika magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, sehemu ambayo mtu hawezi kubabuka kwa siri. Mama mmoja mwenye meza jirani aliniangalia weee, mwishowe akanivuta pembeni.

"Mwanangu, na wewe umeanza mkorogo?"

"Hapana mama, ni dawa ya chunusi. Ya famasi."

"Mkorogo nao wanaununua madukani."

Sikuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Huku kwetu uso unaobabuka una maana moja tu, na utasemwa. Jiandae kwa hilo kabla hujaanza. Ila swali lake ni zuri kuliko alivyokusudia, kwa sababu watu wengi wenye chunusi sugu nilioongea nao wanapaka kitu kingine pembeni. Krimu za kung'arisha uso mara nyingi huwa na dawa za steroidi, na nyingine zina zebaki au haidrokwinoni. Steroidi inafanya uso utulie na kupendeza wiki za kwanza, kisha yenyewe inaleta chunusi, nyingi, zinazofanana ukubwa, na ukiiacha ghafla uso unalipuka. Retinoidi juu ya ngozi iliyochubuliwa hivyo ni mateso matupu. Kama unatumia mkorogo, au krimu usiyojua kilichomo, usinunue adapaleni bado. Beba kopo lako umwonyeshe daktari wa ngozi, aone ni nini na akupangie namna ya kuachana nalo. Hatakucheka, anayaona kila siku. Na limau kaa nalo jikoni.

Jua. Mwanza tuko kama nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuna msimu wa jua dogo. Hata siku ya mawingu linafika. Ukiwa ufukweni, maji na mchanga vinalirudisha usoni kutokea chini, mahali ambapo kofia haizuii. Ngozi inayotumia retinoidi huungua kirahisi zaidi, na jua ndilo linaloyakoleza madoa. Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi kila asubuhi, na ukitoka jasho irudie. Najua malalamiko: nyingine zinamwacha mtu mweusi kama katoka mashine ya kusaga. Jaribu kidogo mgongoni mwa mkono pale pale dukani, tafuta ya jeli au iliyotiwa rangi ya kahawia, zipo. Kwa wavuvi, waanika dagaa na bodaboda nasema kofia pana na kitambaa kwanza, sanskrini baadaye, kwani jasho la saa 7 mchana halina huruma na krimu ya bei.

Wengine huongezewa benzoili peroksaidi, inayoua bakteria, ya asilimia 2.5 au 5. Inasaidia hasa kwenye chunusi zenye usaha, na inakwenda vizuri na adapaleni. Kwa tretinoini uliza kwanza, zipo ambazo huharibika zikikutana nayo, hivyo moja hupakwa asubuhi na nyingine usiku. Ila angalizo la nyumbani: peroksaidi inapausha nguo. Foronya yangu ya bluu ina mabaka meupe upande ninaolalia, na haikutoka kwa kufua. Lalia kitambaa cheupe.

Mjamzito asipake retinoidi, na anayetafuta mtoto aache kabla. Ni tahadhari kwa adapaleni na tretinoini za kupaka, na kwa tazarotini, retinoidi nyingine ya kupaka, ni marufuku kabisa. Asidi ya azelaiki kwa kawaida huruhusiwa wakati wa ujauzito, na inasaidia madoa pia, mwulize daktari wa kliniki yako. Haya yote nimeyaandika kwa chunusi ndogo na za wastani. Zile kubwa zinazouma ndani kwa ndani, zinazoacha mashimo, zinahitaji daktari mapema na pengine vidonge, kwa sababu shimo likishaingia hakuna jeli ya kulijaza.

Usitumbue. Najua utatumbua, lakini usitumbue.

Uso ukisafika usiitupe tyubu. Vinyweleo vinarudi kuziba ukiacha kabisa, kwa hiyo wengi wetu tunaendelea na siku chache kwa wiki. Mimi napaka usiku wa kuamkia siku ambazo sina zamu ya alfajiri mwaloni, nikisahau nasahau, naendelea siku inayofuata bila kupaka mara mbili kufidia. Tyubu naiweka kabatini, mbali na dirisha na mbali na bati, kwani chumba changu Oktoba ni joto la kuyeyusha mshumaa.