Chasisi Mbovu Usiiuze Bado: Majibu kwa Wenye Pikapu za Zamani

Tangu nilipoandika kwamba karakana yetu hapa Mwanga, Kigoma, imeivalisha Land Rover 109 chasisi mpya, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, maswali hayajakatika. Nimechagua machache ambayo wengi mmeyarudia.

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109 pikapu, ilikuwa inabeba chumvi. Fundi mmoja anasema tupige viraka, mwingine anasema chasisi imekwisha. Nimsikilize nani? (Uvinza)

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kabla ya kuwasikiliza wao, isikilize chasisi yenyewe. Chukua nyundo ndogo, ingia uvunguni, gonga kuanzia mbele hadi nyuma bila kuruka mahali. Chuma kizima kinalia na nyundo inakurudia mkononi. Kilichooza kinatoa mlio mzito, kama umegonga debe la mchanga, na mara nyingine nyundo inazama.

Chasisi hiyo ni sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope linaingia kwa vitundu na kuviziba, maji yanakosa pa kutokea. Gari la chumvi lina balaa zaidi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuharakisha kutu. Hivyo kutu inaanzia ndani, na ukiiona nje ujue imeshakula kwa muda. Ile tuliyoipasua sisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, mwenyewe akaapa kwamba ni nzima. Grainda ilipopita karibu na sikio la springi ya nyuma, yaani kishikio ambapo springi inafungwa kwenye chasisi, kutu ilimwagika kwa vipande vipana vyembamba, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Tulijaza ndoo.

Kama ubovu uko kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, au kwenye mhimili wa nyuma kabisa, kata uweke chuma kipya. Kama reli mbili kuu zimeoza penye masikio ya springi, badili chasisi. Kiraka kinahitaji chuma kizima cha kushikana nacho, na pale hakipo.

Mbona bodi yangu haina kutu nyekundu, ila kuna unga mweupe kwenye maungio? (Kasulu)

Kwa sababu bodi yako ni alumini. Land Rover ilipoanza mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo baada ya vita, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi. Alumini haishiki kutu, lakini ikigusana na chuma penye maji, alumini ndiyo inayoliwa, na unga huo ndio mabaki yake. Kwangua hadi uone mng'ao, paka praima pande zote mbili, kisha weka ukanda wa mpira katikati kabla ya kufunga bolti. Na usidanganywe na bodi: ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma, na pale miguu inapokaa ndipo unapooza. Inua mkeka uangalie leo.

Fundi welda wa mtaani kwetu anaweza kuniundia chasisi, au niagize? (Tabora, Isevya)

Chasisi mpya za magari haya bado zinatengenezwa Uingereza, nyingi zimechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto la takriban nyuzi 450, hivyo zinki inaingia hadi ndani ya sanduku ambako brashi haifiki. Ukiwa na uwezo, agiza. Ila nauli ya mzigo mrefu namna ile kutoka bandarini hadi Tabora inaumiza, kwa hiyo silaumu anayeunda.

Anayeunda namwomba jambo moja: vipimo kwanza, moto baadaye. Chasisi mbovu ndiyo mchoro pekee ulio nao. Iweke juu ya stendi ikiwa imesawazishwa kwa levo, teremsha timazi kutoka kila tundu la bolti ya springi, weka alama kwenye sakafu ya saruji. Kisha vuta kamba kutoka kona hadi kona. Kamba mbili za mshazari lazima zilingane. Zikipishana, fremu imepinda, na gari litatembea upandeupande kama kaa. Pima pia kimo, si urefu na upana peke yake. Wakati wa kuchomelea, piga vidoti kwanza, kisha ruka ruka: kidogo kushoto mbele, kidogo kulia nyuma. Ukichomelea upande mmoja moja kwa moja, chuma kinapopoa kinajikunja, na hutakinyoosha kwa nyundo.

Ukilazimika kuchomelea kitu kwenye chasisi ya zinki, saga zinki yote mahali hapo na ufanye kazi nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayazuii.

Bolti zinakatika na spana namba 13 inazunguka tu. Nifanyeje? (Urambo)

Bolti hizo ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, ndiyo maana 13 inalegea na kula kona. Tafuta spana za inchi, mwagia bolti dizeli jioni tatu mfululizo, kaza kidogo kabla ya kufungua. Isiposikia, pasha moto, lakini kwenye 109 pikapu tangi la mafuta liko chini ya kiti. Litoe kwanza, ulipeleke mbali.

Nipake oili chafu uvunguni? (Nzega)

Hapana. Inalainisha mipira ya breki na bushi, na mvua inaipeleka kisimani kwa watu.

Namba ya chasisi itakuwaje? (Ujiji)

Nenda TRA na kadi ya gari kabla ya kukata chochote, uelezwe utaratibu. Usigonge namba mwenyewe, na usiruhusu fundi aigonge. Kipande chenye namba ya zamani, ambacho mara nyingi kiko kwenye sikio la springi la mbele kulia, kipigwe picha na kitunzwe.

Mwanangu, mnunuzi wa chuma chakavu anapita kila siku kuiulizia chasisi ya zamani ya mzee. Mpya imeshafungwa springi. Nimuuzie? (Kibirizi)

Shikamoo mama. Usimuuzie bado. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliuza haraka, nikiwa nimeandika urefu na upana tu. Giaboksi ilipokaa, propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumuni, ikaanza kulia, kumbe mhimili wa giaboksi nimeuweka juu kupita kiasi, na sina pa kupimia. Nilikwenda kuomba Land Rover ya mtu Gungu, nikalala chini yake siku mbili na kamba mkononi, huku mteja wangu akisubiri.

Iweke chini ya mwembe, juu ya mawe isiguse udongo, mpaka gari liende Uvinza na mzigo, lirudi, na milango yote miwili iwe bado inafunga kwa kusukumwa na kidole.