Usiunganishe hiyo betri, soma rezista kwanza

Mkuu, acha kwanza kulehemu. Umesema betri ya kifaa chako cha michezo ya video ina ujazo wa 350 mAh (miliampea-saa), moduli ya kuchajia ni ile ndogo ya TP4056, na usiku huu unaiunganisha "kama ilivyo". Hiyo "kama ilivyo" ndiyo imenitoa kitandani.

Tazama kando ya mguu wa pili wa chipu. Kuna rezista, kale kakipande ka kuzuia umeme, imeandikwa 122, yaani kilo-omu 1.2. Hiyo ndiyo inayoiamuru chipu isukume mkondo wa umeme wa takriban miliampea 1000. Haijui umeweka betri gani, wala haiulizi. Betri yako itasukumiwa karibu mara tatu ya ujazo wake, wakati nyingi za aina hiyo zinataka nusu tu ya ujazo huo, kwako kama miliampea 175.

Betri yangu ilikuwa ndogo kuliko yako, nami niliiunganisha hivyo hivyo. Nilipima volti za moduli, zikasoma 4.2 safi kabisa, nikaridhika. Volti hazikuwa na tatizo hata kidogo, tatizo lilikuwa mkondo, na mkondo sikuupima. Betri ikatuna kama shavu la mpiga tarumbeta, ikasukuma skrini kutoka chini hadi ikapasuka. Skrini ndiyo iliyokuwa ghali kuliko vyote. Angalau kasha, ambalo siku zote lilinisumbua kufungua, safari hii lilijifungua lenyewe bila bisibisi.

Na yule jamaa wa video niliyemfuata! "Moduli ina akili, inajirekebisha yenyewe, tena ina ulinzi." Ulinzi gani? Chipu ya ulinzi, ambayo ni nyingine, hukata betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha mno au nyaya zikigusana. Ampea moja, yaani hizo miliampea 1000, kwake ni mwendo wa kawaida, itakaa inatazama tu betri ikiiva. Maelezo ya mtengenezaji wa chipu yana jedwali zima la rezista na mikondo yake. Angelifungua tu, hata kwa bahati mbaya!

Kwa hiyo: gawanya 1200 kwa kilo-omu za rezista, unapata miliampea. Kwako weka rezista ya kilo-omu 6.8, inatoa kama miliampea 176. Kisha weka multimita (kipima umeme) mfululizo na waya wa betri, yaani mkondo upite ndani yake, usome mkondo wenyewe, betri ikiwa na volti 3.6 hivi. Usipime ikiwa imekwisha kabisa, maana chini ya volti 2.9 chipu hudondosha sehemu ya kumi tu, utadhani kila kitu kiko shwari.

Na ile taa nyekundu ya moduli uliyouliza mbona haizimiki? Unachaji huku kifaa kimewashwa. Chipu husubiri mkondo ushuke hadi sehemu ya kumi ndipo ikate, na kifaa chako hakiuachi ushuke. Kizime.

Piga picha hiyo rezista uiweke hapa. Kama bado inasoma 122, lala tu leo.