Nilichimbia dogwudi shimo la mgomba

Maua 17 kwenye dogwudi yangu. Nimeyahesabu mara tatu, asubuhi moja ya Aprili hii, nikiwa na kanga juu ya nguo za kulalia na chai inapoa mkononi. Jirani yangu wa kushoto ana mti wa aina hiyo hiyo, na ukichanua hata tawi hulioni, ni weupe mtupu, na wala hana habari nao. Anapita na gari lake kama vile si wake. Mimi nina 17 na nimepiga picha 40.

Nikaweka moja status. Haikupita saa, ujumbe ukaingia kutoka kwa dada mmoja aliyeko Virginia: "Dada hongera. Wangu huu mwaka wa nne, majani tele, ua hata la dawa hakuna. Naomba siri, kwa kifupi tu."

Kwa kifupi sitaweza, dada yangu. Nyuma ya hayo maua 17 kuna miaka saba, mti mmoja uliokufa, na barua moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka.

Kwa mlioko nyumbani: dogwudi ni mti mdogo wa misitu ya mashariki mwa Marekani, futi 15 hadi 30 hivi ukikomaa. Hapa North Carolina ndilo ua la jimbo tangu 1941, na Virginia walishalichagua tangu 1918. Na hicho tunachokiita ua, si ua. Ni kama bogenvilia. Zile nne pana, nyeupe au za waridi, ni majani yaliyojivika rangi. Maua yenyewe ni vile vipunje vya kijani-njano vilivyobanana katikati, kama vichwa vya njiti za kiberiti. Wajapani walipoipa Washington micheri yao mwaka 1912, Wamarekani walirudisha shukrani mwaka 1915 kwa miche ya dogwudi, kwa hiyo msiudharau. Kwa Kiswahili hatuna jina lake. Binti yangu Neema alipokuwa mdogo, akijua "dog" ni mbwa, alikuwa anangoja ubweke. Lakini jamaa yake yupo kwetu: kwenye misitu ya juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya unaota *Cornus volkensii*, wa ukoo huo huo, ila hauna mbwembwe za kupigiwa picha.

Sasa niwaambie nilivyoua.

Wa kwanza niliununua Aprili 2017, dola 89, ukiwa tayari umechanua pale dukani. Kijana wa duka akaanza kunieleza habari za kivuli. Nikamkata kauli. Mimi ni mtoto wa kihamba, lile shamba la Wachaga la migomba na kahawa, Marangu, nimezaliwa chini ya mgomba, leo kijana wa miaka 20 mwenye aproni anifundishe kupanda mti? Nilimwambia kwetu tunalima tangu mababu. Alitabasamu kwa adabu, akanibebea mpaka kwenye gari. Yale maneno yangu nimeyajutia kuliko zile dola.

Nilipofika nyumbani nikachimba shimo la mgomba. Mnaojua mnajua: futi tatu kwenda chini, futi tatu upana, nikamwaga mifuko minne ya samadi, nikashindilia. Katikati ya uwanja wa mbele, pasipo na kivuli hata cha nguzo, ili kila apitaye aone. Nikampigia mama video. Mama akatazama, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, hapo unapanda au unazika?"

Nikacheka. "Mama, udongo wa huku ni mgumu, lazima uchimbe."

"Ndiyo nauliza. Maji yakishaingia humo, yatatokea wapi?"

Sikumjibu. Udongo wetu hapa Durham ni mfinyanzi mwekundu, ukilowa unaweza kuufinyangia chungu. Ukichimba shimo refu ndani yake ukalijaza kitu laini, umetengeneza karai. Mvua ikinyesha, maji yanakaa humo. Na mizizi ya dogwudi haiendi chini kama mnavyodhani, inatambaa juu juu, inataka hewa. Halafu ile samadi ikioza inashuka, na mti unashuka nayo. Miezi mitatu baadaye sehemu ya shina iliyotakiwa kuwa juu ilikuwa imefukiwa inchi nne.

Julai majani yakaanza kukauka kingo, rangi ya karatasi iliyopitiwa na moto. Nikaona ni kiu, nikaongeza maji. Yakazidi, nikaongeza tena. Nilikuwa namzamisha mgonjwa huku nikimwambia kunywa.

Mwaka wa pili ikaja mashine ya kukatia majani, ile ya kamba ya nailoni. Kamba ilipita kwenye shina, ikaacha kidonda cha kama kidole gumba, maganda yamechubuka yanaonyesha mti mweupe. Sitamtaja aliyeshika mashine. (Baba Neema, najua unasoma. Nilishakusamehe, ila sikusahau.) Kwenye kidonda kile akaingia bungua, mdudu anayetoboa shina. Wenzangu wa kahawa mnamjua wa kwetu. Huyu ni wa huku, lakini tabia ni moja. Nilipoinama kuangalia nilikuta unga wa mbao umemwagika chini, rangi ya ugoro. Nilitafuta spoku ya baiskeli kama marehemu baba alivyokuwa akifanya kwenye mibuni, nikachokoa, lakini mti ulikuwa umeshachoka na mengine.

Ukafa 2019, umesimama vile vile katikati ya uwanja. Kamati ya mtaa ikaniletea barua kwamba "mmea uliokufa" unaharibu sura ya mtaa, niuondoe ndani ya siku 14. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na sherehe ya Watanzania, na shemeji mmoja akaona ndiyo hadithi ya meza: "Mchaga ameshindwa na mti! Tena mti wenyewe hauliwi." Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka. Nilipofika kwenye gari nililia.

Kilichonifumbua macho ni matembezi. Siku moja tulipita kwenye msitu kando ya mto Eno, dogwudi zimechanua. Hakuna hata moja iliyokuwa peke yake juani. Zote zilikuwa chini ya mialoni na misonobari, matawi yametandaa kama trei moja juu ya nyingine, mwanga unashuka kwa vipande vipande. Nilisimama pale njiani nikamwambia mume wangu, "Hii ni kahawa." Akafikiri nataka tukanywe. Nilikuwa nauona mbuni chini ya mgomba. Miaka yote nilikuwa naufanya mgomba mti ambao ni mbuni! Kihamba kilikuwa kinanifundisha tangu utotoni, nikachukua somo lisilo lenyewe.

Wa pili niliupanda Novemba ile ile ya 2019. Safari hii nilianza na udongo. Hapa jimboni, sehemu kubwa ya mwaka vipimo vya udongo ni bure: unachukua vijisanduku kwenye ofisi ya ugani ya kaunti yako, unajaza, wanakuletea majibu. Dogwudi inataka udongo wenye uchachu kiasi, pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Wangu ulikuwa sawa kabisa, kwa hiyo ile samadi yote ya mwanzo hata haikuwa na kazi.

Nikachagua upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi linaupata, la mchana linazuiwa na misonobari miwili mirefu. Shimo nikalichimba kina cha mzizi tu, wala si zaidi, lakini pana kama sinia la harusi, mara tatu ya upana wa mizizi. Ule udongo niliouchimba ndio niliorudisha. Pale shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi nikapaacha juu ya ardhi kama inchi mbili, panaonekana. Kisha matandazo ya majani ya msonobari, inchi tatu, nikayasogeza mbali na shina, kiganja kizima kipite katikati. Matandazo yakigusa shina yanaliozesha. Na faida yake nyingine ni kwamba mashine ya kamba haina sababu tena ya kusogea hapo. Baba Neema amewekewa mpaka.

2020, 2021, 2022 sina cha kusimulia. Nilimwagilia, polepole, mara moja kwa wiki mvua ikikosa.

Halafu nikakosea tena, na hili dada yangu wa Virginia nakuomba ulisome mara mbili. Februari 2023 nikaona mti umekuwa na matawi ya hovyo, nikachukua mkasi nikaupunguza vizuri, ukawa kama umetoka saluni. Aprili, kimya. Hata moja. Nikarudi kwenye yale matawi niliyoyatupa nyuma ya banda, nikayaangalia kwa karibu. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na vitu kama vitunguu vidogo vilivyobonyezwa, vina kikonyo kifupi, vikubwa kidogo kuliko punje ya choroko. Nilivikumbuka. Nilivikata nikidhani ni ugonjwa. Yalikuwa ni matumba ya maua. Dogwudi hutengeneza matumba kiangazi, inayabeba msimu wote wa baridi, ndipo yanafunguka Aprili. Tumba la jani ni jembamba, limechongoka. La ua ni kitunguu. Nilikuwa nimekata mwaka mzima kwa mkasi wa dola 12.

Kwa hiyo ukitaka kupunguza, ngoja ichanue kwanza, punguza mara baada ya hapo. Au acha kabisa. Huu mti haukuomba saluni.

Na mbolea. Najua nyumba zenu, uwanja una majani ya kijani kama zulia, na kila masika mnamwaga mbolea ya nitrojeni. Mti unakula pia. Unakula, unanenepa, unatoa majani mapana ya kupendeza, na maua hautoi. Ndugu zangu, tunapenda kulisha. Mtoto akilia tunalisha, mgeni akifika tunalisha, mti ukinyamaza tunalisha. Acheni kulisha kitu ambacho hakijaomba chakula! Wangu tangu 2019 haujaonja mbolea.

Magonjwa nitapita haraka. Majani yakipakwa unga mweupe, ni ubwiriunga, watu wa korosho wa Mtwara mnaufahamu. Mimi nilinunua aina ya Cherokee Brave kwa sababu inauhimili. Chule, ugonjwa wa kuvu, ndiyo ya kuogopa. Imeua dogwudi nyingi za misituni tangu ilipogunduliwa miaka ya 1970, hasa kwenye milima yenye baridi na unyevu. Kama uko milimani, tafuta Appalachian Spring, iliyotokana na mti uliokutwa mzima kwenye msitu wa Maryland wakati wenzake wamekufa. Usimwagilie majani, mwagilia chini. Imetosha.

Ukitaka kuhakikisha kwamba hukuuziwa mti mwingine, chuma jani, lichane taratibu kwa upana. Vipande viwili vitaachana lakini kipande cha chini hakianguki, kinaning'inia kwa nyuzi nyembamba nyeupe, kama utando wa buibui. Neema amemaliza majani ya tawi zima kwa mchezo huo.

Mama nimempigia video juzi, nikamwonyesha yote 17. Akauliza, "Unazaa nini?" Nikamwambia vitunda vyekundu, vya ndege, sisi hatuli. Akatikisa kichwa, kisha akaniambia nisogeze simu. Nikadhani anataka kuona ua. "Chini," akasema. "Shusha. Nionyeshe shina."

Akatazama muda mrefu. "Haya."

Dada wa Virginia, nawe fanya hivyo. Picha za majani usinitumie, nimeziona. Nitumie ya shina pale linapoingia ardhini, na nyingine ya juu yake saa nane mchana, nione jua linaupataje. Na kama kuna mifuko ya samadi kwenye gereji yako, usinifiche.