Barua kwa mwanangu: nani atasikiliza pumzi zake usiku?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unasema daktari amewaambia keshokutwa mnaruhusiwa, na badala ya kufurahi wewe na mwenzio mmebaki kutazamana. Kule wodini ipo mashine inayolia mtoto akisahau kupumua, na yupo muuguzi wa kuja mbio. "Nyumbani je, mama? Nani atajua?" Nikujibu hilo kwanza, maana ndilo linalowanyima usingizi.

Mtajua nyinyi. Na ninaposema hivyo sikubembelezi. Nimefanya kazi miaka mingi kati ya watoto wachanga, na nimewaona wazazi wengi wa njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakitoka mlangoni na hofu hiyo hiyo.

Kwanza elewa kwa nini anaruhusiwa. Njiti hatoki kwa sababu siku zake za wodini zimetosha. Anatoka akishaonyesha kwamba anatunza joto lake mwenyewe akiwa amevaa nguo za kawaida, ananyonya bila mpira wa puani, uzito unapanda, na amepita siku kadhaa mfululizo bila pumzi kukatika. Mjukuu wangu alizaliwa wiki ya 31. Wakati ule sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi ilikuwa haijapevuka, ndiyo maana alisahau kupumua, na ndiyo maana alipewa dawa ya kafeini. Sasa anaingia wiki ya 36, umri ambao watoto wengi wa namna yake huwa wameacha kusahau. Walipoisimamisha dawa, hawakuwaruhusu siku ile ile. Walingoja wamwone anavyopumua bila dawa. Zile siku mlizodhani mnacheleweshwa bure ndizo zilizokuwa mtihani wake, naye ameufaulu.

Sasa sikiliza jinsi anavyopumua, kwa sababu usiku wa kwanza atawatisha. Mtoto mchanga, na njiti zaidi, hapumui kwa mwendo mmoja. Anavuta pumzi haraka haraka, anatulia sekunde tano, pengine karibu kumi, kisha anaanza tena mwenyewe. Rangi yake haibadiliki, mwili haulegei. Huko ndiko kupumua kwake kwa kawaida. Utamsikia pia akikoroma kidogo, akijikamua hadi uso unakuwa mwekundu, akipiga chafya, akipata kwikwi, akishtuka mikono ikaruka. Alfajiri ndiyo anaweza kuzidisha kelele. Njiti hulala kwa vurugu, na ukimkimbilia kila sauti hamtalala wote watatu.

Kinachotaka mbio ni hiki: pumzi ikikatika kwa sekunde 20, au hata chini ya hapo lakini midomo na ulimi vikageuka bluu au kijivu, au mwili ukalegea. Mguse, msugue mgongo au nyayo. Usimtikise kamwe. Asipoitikia, anza kumpulizia pumzi kama mtakavyofundishwa, huku mwingine akiita msaada. Na akianza mwenyewe baada ya kuguswa, bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile apelekwe akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu ya vile vituo vyake vya kutulia), au mbavu zikiingia ndani kila anapovuta, au akiguna kila anapotoa pumzi. Kukataa kunyonya, degedege, na usingizi usioamshika navyo havisubiri asubuhi.

Nataka uanze leo, ukiwa bado wodini, kukaa naye nusu saa bila kutazama mashine. Tazama kifua chake. Tazama rangi ya midomo anaponyonya na anapolala. Mashine ilijua pumzi, mapigo na oksijeni tu. Wewe utamjua yeye mzima. Baada ya wiki moja nyumbani utaona kitu kimebadilika kabla hujaweza kusema ni nini, na ukifika kituoni ukasema "leo hayuko sawa," muuguzi mzuri atakuchukulia kwa uzito. Mimi maneno hayo ya wazazi niliyaheshimu kuliko namba nyingi.

Kuhusu baridi. Mafuta yale ya chini ya ngozi yanayomtunzia joto mtoto huwekwa zaidi katika wiki za mwisho za mimba, na yeye hakuzipata. Dawa bora ya hilo unayo kifuani. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, hospitali ilikuwa imejaa na mashine za joto hazitoshi, na daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Lilianza kama jambo la shida, likaonekana kuwa linaokoa maisha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njia hiyo ya kangaruu ianze mapema baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, na iendelee nyumbani. Kwa hiyo msiiache eti kwa kuwa mmetoka hospitali. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu, wima kati ya matiti, kichwa kimegeukia upande, pua wazi, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha mfungwe kwa kitambaa chenye kumshika vizuri. Na kifua cha baba kinafanya kazi ile ile. Mwanangu, usimwachie mkeo peke yake. Mchukue saa zako, ukae umeegemea, macho wazi. Ukihisi usingizi unakuzidi, mrudishe kitandani kwake: chali, godoro gumu, bila mto wala blanketi zito, chumba kimoja na nyinyi. Usilale naye kwenye kochi hata ukichoka namna gani.

Joto lake la kwapani liwe kati ya 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mpeleke kifuani kwanza, upime tena baada ya saa moja. Lisipopanda, au likiwa chini ya 35.5, twendeni hospitali. Likipita 37.5 hali hajafunikwa kupita kiasi, hospitali pia. Homa ya njiti haitibiwi nyumbani.

Kunyonya ni kazi kubwa kwake kuliko mnavyodhani. Atavuta mara chache, atapumzika, atasinzia. Mpeni nafasi. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, na kwa sasa mumwamshe zikipita saa tatu, kwa sababu njiti aliyechoka halii kwa njaa, analala tu. Akishindwa kumaliza, mama akamue, mumpe yaliyobaki kwa kikombe kama mlivyoonyeshwa. Nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku zinakwambia anapata ya kutosha. Asipewe maji. Matone ya madini ya chuma mtapewa. Kiasi chake hufuata uzito, basi kila anapopimwa muulize kama kimebadilika. Uzito wenyewe mpimieni kliniki, msinunue mzani. Kwa wiki za mwanzo ongezeko la gramu 20 hadi 30 kwa siku linapendeza, lakini hiyo ni wastani wa wiki. Nimeona akina mama wakilia kwa gramu kumi zilizopungua baada ya haja kubwa.

Wageni: anayekohoa asiingie, hata akiwa mjomba. Anayeingia anawe mikono kwa sabuni. Mvuta sigara na moshi wake wabaki nje. Kazi ya kukataza iwe yako, mkeo asigombane na mtu. Sema daktari amekataza.

Kuna miadi moja ninayokuomba usiipitishe, hata mvua inyeshe vipi: ya macho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 mishipa ya damu nyuma ya jicho lake ilikuwa haijamaliza kukua, na wakati mwingine huota vibaya ikavuta ile ngozi laini inayoona. Kwa nje jicho linaonekana zima kabisa. Likionekana mapema linatibika. Ukichelewa wiki kadhaa, anaweza kupofuka. Kipimo cha kwanza hufanywa kati ya wiki ya nne na ya sita tangu kuzaliwa, na yeye yumo humo humo. Kama hakijafanyika, msiondoke bila tarehe. Kama kimefanyika, tarehe ya kurudia iandikwe kwenye kadi kwa wino. Masikio nayo yapimwe. Chanjo zake zihesabiwe tangu siku aliyozaliwa, wala zisicheleweshwe kwa kuwa ni mdogo. Mdogo ndiye anayezihitaji zaidi.

Ila ukuaji hauhesabiwi hivyo. Amekuja wiki tisa kabla ya wakati, basi ziondoe. Wenzake watatabasamu wakiwa na wiki sita, yeye unaweza kumngoja mpaka apitishe miezi mitatu. Akitimiza miezi sita, mtazame kama wa miezi minne. Mtafanya hesabu hiyo mpaka afike miaka miwili hivi. Jirani akikuuliza mbona hajakaa, huna deni la kumweleza.

Sasa mkwe wangu. Umeandika kwamba anasema hakumlinda mtoto, kwamba mwili wake ulimtupa mapema. Neno hilo limenichoma kuliko mengine yote uliyoandika. Mwambie nimesema mimi: uchungu kabla ya wakati mara nyingi huja bila sababu inayojulikana, na hata inapojulikana, kama shinikizo la damu au maambukizi, hakuna mama aliyeiita. Mamilioni ya watoto huzaliwa hivyo kila mwaka duniani, karibu mmoja katika kila kumi. Halafu, mwanangu, usimjibu kwa "usilie." Aliondoka kwenye chumba cha kujifungulia mikono mitupu. Alikamua maziwa usiku huku mtoto yuko chumba kingine. Alimgusa mwanawe kupitia kitundu cha mashine. Hayo hayafutiki kwa sababu mtoto amepona. Mara nyingi yanakuja juu mkishafika nyumbani, kunapokuwa kimya. Mwache alie, kaa karibu.

Lakini pima muda. Huzuni ikipita wiki mbili bila kupungua, akawa halali hata mtoto akilala, hali chakula, hamtazami mtoto au hawezi kumwacha hata dakika moja, huo ni ugonjwa, una matibabu, na wengi hupona. Mpeleke. Siku atakayosema ni bora asingekuwepo, au anawaza kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura, usimwache peke yake. Na wewe pia. Baba wa njiti huulizwa habari za mama na mtoto, yeye mwenyewe haulizwi. Mimi nakuuliza: umelala lini? Umekula nini? Ukianza kuwa mkali bila sababu, au kukimbilia kazini ili usiwe nyumbani, niambie, au mwambie daktari. Sitakudharau.

Gaweni usiku. Mmoja alale kweli kuanzia saa tatu mpaka saa nane, mwingine akae na mtoto, kisha mpokezane. Maziwa yaliyokamuliwa ndiyo yatakayowezesha hilo. Kulinda wote wawili usiku kucha kunaleta watu wawili wasioweza kuhesabu pumzi.

Kesho, kabla hawajawapa karatasi, mwombe muuguzi awafundishe kumpulizia mtoto kwenye mwanasesere, wote wawili, mpaka mikono izoee. Mwonyesheni mnavyopima joto na mnavyovuta matone kwenye bomba. Ombeni namba ya simu ya wodi, na muulize nani anaipokea usiku wa manane. Kama mna nafasi ya kulala naye usiku mmoja hapo hapo hospitali bila mashine, ikubalini.

Mimi nitafika Jumapili, nikae mwezi. Chakula, nguo na wageni niachieni. Niandikie mkishapata tarehe ya macho.

Mama yako