Maswali ya Wasomaji: Bonanza la Afya, Mchakamchaka na Usingizi wa Mitihani ya Mwisho wa Muhula (UE)

Ndugu wahariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya afya katika serikali ya wanafunzi, chuo kimoja hapa Dodoma. Kila mwaka tunafanya bonanza: tunakimbia, tunapima presha na sukari, watu wanachangia damu. Mwaka jana wengi waliopimwa waliambiwa presha iko juu, wengine sukari, na wawili walizimia uwanjani. Watu walirudi hosteli na hofu. Tulikosea wapi?

Mlikosea mpangilio wa saa. Mtu aliyetoka kukimbia kilomita tano akakaa moja kwa moja kwenye mashine, kilichopimwa pale ni zile mbio.

Presha inataka mtu aliyetulia. Kwa nusu saa kabla ya kipimo asiwe amekimbia, amevuta sigara, wala kunywa kahawa, chai au enaji. Awe amekwenda haja ndogo. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, asikunje nne. Mkono ulale juu ya meza, mkanda wa mashine uwe usawa wa moyo na uguse ngozi, si juu ya sweta. Mashine inapojaza upepo asiongee, na anayepima asimuulize jina wala kozi. Pimeni mara mbili kwa kupishana dakika moja, muandike wastani. Angalieni pia ukubwa wa mkanda: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na hili ndilo kosa linalosahaulika zaidi kwa sababu mashine nyingi huja na mkanda mmoja tu.

Kwa utaratibu huo mashine moja huhudumia watu kama 15 kwa saa, mradi pawe na viti vinne vya kupumzikia vilivyopangwa kabla ya meza. Mkitegemea watu 200, mashine tatu zitawachukua asubuhi nzima. Panga hivyo, usiwakimbize watu. Anayesoma namba ya juu 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, asiambiwe "una presha". Aambiwe arudi kupimwa siku nyingine, akiwa ametulia, kwenye zahanati ya chuo. Anayefika 180 kwa 120 apumzishwe na arudiwe. Namba ikibaki pale pale naye ana kichwa kikali, maumivu ya kifua au macho yanaona giza, huyo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Sukari ina mtego wake, na Dodoma mtego huo ni zabibu. Mtu amekula zabibu au chungwa, utomvu umekauka kwenye vidole, anachomwa sindano: lile tone la damu linachanganyika na sukari ya kwenye ngozi na mashine inatoa namba ya kutisha. Pamba yenye spiriti pekee haitoshi kuiondoa. Wekeni ndoo yenye koki, sabuni na taulo za karatasi kabla ya meza ya sukari. Kidole kioshwe na kikauke kabisa, maana maji yaliyobaki nayo huzimua damu. Muandike pia kama mtu amekula au hajala. Asiyekula kwa saa 8, kuanzia 7.0 mmol/L ni ya kufuatiliwa. Aliyekula anasomwa kwa kipimo kingine kabisa, na meza isiyouliza swali hilo itatoa majibu ya kupotosha.

Damu iwe ya mwisho. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, awe amekula na kunywa maji. Chupa moja ni kama mililita 450. Baada ya hapo akae kama dakika 15, apewe kinywaji, na siku hiyo asikimbie wala kuvuta kamba. Kama wale wawili walitoka kitandani wakaenda moja kwa moja juani, wala msitafute mchawi.

Kwa hiyo: vipimo saa 1 hadi saa 5:30 asubuhi, michezo pembeni kwa wasiochangia, chakula, kisha damu. Na tunawasihi muongeze meza moja mwisho wa mstari, ya kujiandikisha kwenye vikundi vya kila wiki: mchakamchaka, netiboli, ngoma, kwaya, bustani, hata bao. Bonanza ni siku moja katika 365. Lisipomkabidhi mtu kwa wenzake atakaokutana nao Jumatatu ijayo, limepita kama harusi.

Tulianzisha mchakamchaka baada ya bonanza. Wiki ya kwanza tulikuwa 60, ya tatu tukabaki 7. Tunakutana kila siku saa 11 alfajiri, tunakimbia saa nzima.

Mwendo wenu ni wa kambi ya jeshi. Kila siku ni nyingi, saa nzima ni ndefu, na saa 11 alfajiri Dodoma ni giza. Mwezi wa sita na wa saba giza hilo lina baridi na upepo wa kukata masikio.

Chagueni siku tatu, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa 12:45 asubuhi au saa 11:30 jioni jua likishalegea. Wiki mbili za mwanzo: tembeeni haraka dakika 5, kisha kimbieni dakika 1 na kutembea dakika 2, mrudie mara 7, mmalize kwa kutembea dakika 5. Wiki ya tatu na ya nne: dakika 2 kwa 2, mara 5. Wiki ya tano na ya sita: kimbieni 3, tembeeni 1, mara 5. Mkifika wiki ya nane wengi wataweza dakika 20 bila kusimama, na hakuna atakayekuwa amevimba magoti.

Kipimo cha kasi mnacho tayari, nacho ni wimbo. Waitikiaji wakishindwa kumaliza kiitikio, kasi imezidi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, kwa hiyo aliyetoka Tanga au Mtwara anaweza kukata pumzi mapema wiki za mwanzo. Si mvivu. Muwe na viongozi wawili: mmoja mbele, na mwingine nyuma kabisa ambaye kazi yake ni kutembea na wa mwisho. Kikundi hufa kwa sababu ya wale wa mwisho. Akiachwa mara mbili, harudi.

Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa na daktari, wengi huambiwa dakika 10 hadi 15 kabla, na siku ya vumbi zito abaki ndani. Malapa yaachwe chumbani: mwiba wa mgunga hupenya soli laini bila shida. Kipindi cha mitihani msivunje kikundi. Punguzeni hadi mara mbili, dakika 20.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mchakamchaka wenu utatoa kama 90, na zilizobaki ziko njiani. Kwenye chuo kilichotandazwa juu ya vilima, kama UDOM pale Chimwaga, kuacha daladala mara chache na kutembea haraka kwenda kipindi kunatosha kabisa.

Nimetoka Tanga, mwaka wa kwanza. Tangu Juni damu inanitoka puani kila wiki. Rafiki ananiambia niinamishe kichwa nyuma.

Mdogo wetu, usiinamishe nyuma. Damu itashuka kooni, utaimeza, utatapika. Kaa, inama kidogo mbele, bana sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo, ukipumulia mdomo. Usiachie kuchungulia kama imeacha. Ukiachia dakika ya 3, damu iliyoganda inabanduka na unaanza upya.

Chanzo ni ukavu: upepo na vumbi la kiangazi hukausha ngozi ya ndani ya pua, inapasuka. Paka mafuta ya mgando kidogo sana ndani ya pua asubuhi na usiku, tundika kanga iliyoloa chumbani unapolala, na usichokonoe. Kwa kuwa imekuwa kila wiki, pita zahanati wakuchungulie pua na kupima presha na wingi wa damu. Ikipita nusu saa bila kukata, au ikianza baada ya kugonga kichwa, nenda usisubiri.

UE inaanza wiki mbili zijazo. Nakesha na enaji mbili kila usiku, asubuhi nakumbuka nusu. Nifanyeje?

Ulichosoma jioni, ubongo hukipanga na kukihifadhi ukiwa umelala. Anayekesha huingia kwenye mtihani akiwa na maneno ya desa (notisi alizokariri) mdomoni, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, anakwama.

Soma maandishi madogo ya chupa. Nyingi zina kama miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 300 ni 90. Kafeini huchukua kama saa 5 au 6 kupungua nusu. Ukimaliza chupa mbili saa 3 usiku, ikifika saa 9 usiku bado una chupa nzima kwenye damu, ndiyo maana unalala juujuu na moyo unadunda. Iwe moja, kabla ya saa 8 mchana. Usiache ghafla kama umezoea nyingi. Punguza nusu chupa kila siku mbili, la sivyo kichwa kitakuuma wiki nzima ya mtihani.

Lala saa 4:30 usiku, amka saa 11:30 alfajiri. Hizo ni saa 7. Soma kwa vipande vya dakika 45, kisha funga daftari na uandike kwenye karatasi tupu unachokumbuka. Usichoweza kuandika ndicho cha kurudia. Mchana ukichoka, lala dakika 20 kwa kengele. Ukipitiliza hadi saa nzima utaamka mzito kuliko ulivyolala. Kwenye chumba cha watu sita, zungushia kanga kitanda cha chini cha dabodeka na mkubaliane saa ya kuzima taa kubwa, anayeendelea awashe ya mezani.

Tuko wanne geto, tunapika wenyewe, boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) limekata. Tule nini tusiishiwe nguvu?

Unga gramu 600 kwa mlo mmoja, maharage au kunde nusu kilo mkigawa kwa milo miwili, mlenda, karanga za kusaga. Lowekeni maharage usiku kucha, mmwage maji: mkaa utapungua. Magadi kwenye mlenda yawe kidogo, yakizidi yanaua vitamini. Kamulieni ndimu kwenye mboga na muache chai isubiri saa moja baada ya kula, kwa kuwa chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Karanga na mahindi vichambuliwe punje kwa punje. Zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi tofauti zitupwe, hata kama zilinunuliwa kwa bei ya chee. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi.

Mwenzangu wa chumba wiki ya tatu haendi darasani. Haogi, hali vizuri, juzi alisema "bora nisingekuwepo". Nikimwambia mtu ataona nimemsaliti.

Sentensi hiyo usiiache ipite. Leo, mkiwa wawili, simu zikiwa pembeni, muulize kwa maneno yaliyo wazi: "Ulivyosema bora usingekuwepo, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Kisha nyamaza, umsikilize hadi mwisho. Usimwambie "jikaze" wala "wenzako wana shida kubwa zaidi". Mkitaka kusali pamoja, salini, na bado mwende zahanati.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Toa chumbani dawa, sumu ya panya, viwembe na kamba. Mjulishe mlezi wa hosteli, mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Usimwahidi siri. Mwambie: "Hili siwezi kulibeba peke yangu, ila nitakwenda nawe."

Akisema hapana, bado wiki tatu za hali hii zinatosha kumwona daktari au mshauri wa wanafunzi wiki hii. Kama anaogopa jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, kwa sababu mjini watu hulifanyia utani, mweleze kwamba ni hospitali kama nyingine: mtu huonana na daktari, hupewa dawa au ushauri, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Aombe pia barua ya daktari mapema. Kuahirisha mtihani kwa ugonjwa huombwa kabla ya mtihani, na akishakosa UE bila barua, hofu ya kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) itaongezeka juu ya mzigo alio nao.

Na wewe usilinde zamu zote. Tafuta wenzako wawili anaowaamini, mgawane: mmoja chakula cha mchana, mmoja jioni, mmoja wa kumsindikiza kliniki. Anza na chai ya leo usiku, umpelekee kitandani, uketi naye anywe.